Mkono wa Mama Shallon

Kila mama yake, Mama Shallon, alipomshika mkono mpenzi wake Ilukor, Ajambo alihisi komeo jingine likisukumwa mlangoni pake.

Alimshika sokoni Busia, upande wa Uganda, mbele ya wauza samaki. Alimshika nje ya kanisa. Alimshika hata matangani kule Buhehe, watu wameinamisha vichwa, yeye akauvuka uwanja mzima mkono umetangulia kama anayemkimbilia ndugu aliyepotea vitani. "Yoga, kijana ya maturubai!" Yoga, salamu, ndilo neno pekee la Kiteso alilolijua. "Leta mkono. Leta, siumi mtu." Ilukor humpa. Naye huutikisa, huupindua kiganja juu kama anayekagua dagaa wa omena, huku akiwachekea waliosimama kando.

Mpita njia angesema mama huyu anampenda kijana. Wenyeji walijua. Kwa Wasamia wa akina Ajambo, na kwa Wateso wa akina Ilukor vilevile, mama mkwe na mume wa binti yake hawapeani mikono. Wakikutana njiani mmoja huacha njia, akasimama vichakani amegeuza uso mpaka mwenzake apite. Ndiyo heshima yenyewe. Basi mwanamke anayemshika kijana mkono hadharani, tena kwa vicheko, anatangaza bila kupiga mbiu: huyu si mkwe wangu, wala hatakuwa.

Jina lake la ubatizo lilikuwa Teopista, lakini Busia nzima ilimwita Mama Shallon, kwa jina la kifungua mimba wake, na ndani ya jina hilo ndimo Ajambo alimofungiwa. Shallon hakuwa ameolewa, na mdogo, alisema mama yao, hamruki mkubwa. Yeye mwenyewe aliwahi kumruka dada yake Mugeni. Aliolewa kwa ngoma na vigelegele, na Mugeni akabaki nyumbani mpaka akafia nyumbani, akazikwa kando ya ua, wanakozikwa mabinti wasioolewa, mahali ambapo mbuzi hupita. Kila Pasaka Teopista huenda pale peke yake kung'oa majani, akarudi na uso usiotaka maswali. "Sitazika mtoto wangu kando ya ua," husema. Hapo mazungumzo huishia.

Shallon mwenyewe hakuwa akitaka mume. Alikuwa na saluni karibu na barabara ya mpakani, na mdomo uliowafukuza wachumba kabla hawajamaliza soda. "Mimi niko kama lori ya foleni ya Malaba," alimwambia mdogo wake. "Nimezima injini, nalala zangu. Wewe ndiyo uko nyuma yangu unapiga honi."

Ajambo hakucheka. Kutwa alikaa kwenye kibanda cha omena, ukuta mgongoni, magunia kulia, mama yake kushoto, akipima kwa mkebe na kumimina, akipima na kumimina. Akitaka kwenda haja, mama yake husimama kumpisha, kisha huketi tena palepale na kumwangalia mpaka arudi. Wakati mwingine alitazama vidole vyake vilivyopauka kwa chumvi na magamba, akamfikiria shangazi Mugeni, ambaye hakumwona hata mara moja, na kumbe ndiye aliyekuwa akimkalia kifuani.

Ilukor kazi yake ilikuwa kushona maturubai. Foleni ya malori ikisimama Malaba, na husimama, yeye hupanda juu na shazia, ile sindano nene, na uzi wa nta, akaziba matundu kabla mvua ya Tororo haijalowesha saruji ya watu. Ajambo alipotumwa kupeleka omena kwa mteja wa Tororo, alipitia kwake. Walikaa chini ya turubai lililotandazwa kati ya lori na lori, joto likiwapika kama viazi, nalo jambo la kuoana wakalipangia hapo.

"Twende Kenya," Ajambo alisema.

"Kenya gani? Shangazi zako wote wako Busia ya ng'ambo. Huu mpaka unazuia sukari, hauzuii shangazi."

"Kwenu basi."

"Mama yako alisema nini juu ya kwetu?"

Ajambo alijua alichosema. Alisema mbele ya soko zima kwamba binti yake akitoroka kwenda kwa mwanamume, atamfuata na kumtoa kitandani pamoja na shuka. Na si maneno tu. Alikuwa na kaka wa kumsaidia kubeba. Kanisani nako majina ya wanaotaka kuoana husomwa Jumapili mfululizo. Ofisi ya wilaya hubandika tangazo la ndoa ubaoni, na mbele ya ubao ule ndipo Mama Shallon anapokunywa chai. Kila mlango waliougusa, nyuma yake alikaa mtu wa ukoo.

Ilukor akakata uzi kwa meno. "Basi twende mahali hakuna nyumba ya mtu."

"Makaburini?"

"Mbugani." Aliwahi kupanda Mlima Elgon na lori la vitunguu, akaingia hifadhi ya taifa kutazama maporomoko ya maji, na tangu siku hiyo hakuacha kuyasimulia. "Kule hakuna mjomba wa mtu. Kuna nyani tu, na nyani hapigi simu. Rasto anakuja, unamjua, yule mchungaji wa ng'ambo niliyemshonea hema ya kanisa. Anatuombea pale maji inaanguka, tunarudi mume na mke. Huyo mama atakutoa kwa kitanda gani? Kitanda hakuna. Atakutoa kwa maji?"

Ajambo alicheka, na kicheko kikamshtua mwenyewe, kama mtu aliyekuta noti kwenye nguo ya zamani. Kisha akamgeukia Ilukor.

"Lakini usimpe mkono tena."

"Nisimpe?" Ilukor alikaa wima, kichwa kikagonga turubai. "Mtu ananinyooshea mkono mbele ya watu, mimi nikimbilie kichaka kama mwizi ya kuku? Mimi Ilukor?"

"Ukiupokea unakubali wewe si kitu."

"Nikiukataa anasema namwogopa. Siku nitakuwa mkwe, nitaacha njia. Leo mimi ni mwanamume kama mwingine, na mwanamume hasukumwi pembeni."

"Utakuwaje mkwe kama unampa mkono?"

"Na nitaachaje njia kama mimi si mkwe?"

Wakabaki wanatazamana, jasho linawatiririka. Nje, lori la mbele lilisogea hatua chache, likasimama tena.

Shallon aliambiwa mpango huo, kwa kuwa alihitajika mtu wa kukaa kibandani siku hiyo. Siku moja kabla, alimsuka mdogo wake mistari ya kawaida, isimshtue mama, lakini kwa ndani akapitisha ushanga mweupe usioonekana mpaka upepo ufunue. Ilukor alipita pale saluni, na Shallon akamnyooshea kitana kifuani. "Shemeji, mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Mimi sina mvungu," Ilukor akajibu. "Nalala kwa mkeka."

Asubuhi ya safari Ajambo alitaka kutoka kama siku nyingine zote. Aliamka, akafagia ua. Kisha akaona majerikeni matupu yamepangwa ukutani, akamfikiria mama yake na magoti yake mabovu, akaenda kisimani. Alirudi, akaenda tena. Alipomaliza, kila chombo kilichoweza kushika maji kilikuwa kimejaa, na alfajiri ilikuwa imeshakuwa asubuhi. Akachukua mfuko wake wa omena. Gauni jeupe la arusi lilikuwa chini ya omena, limefungwa kwenye nailoni lisinuke samaki.

Njia nzima hadi Mbale, na kutoka Mbale kupanda mlima, aligeuka kutazama nyuma. Ilukor alivaa koti la kijivu la kuazima, mabega mapana kuliko ya kwake, akaketi ndani yake kama diwani. Langoni mwa hifadhi walipewa askari wa kuwaongoza, mtu mrefu mwenye bunduki begani na maneno machache, maana bila askari huruhusiwi kuingia msituni. Ajambo alibadilisha nguo chooni. Alipotoka, askari alimtazama, akatazama koti la Ilukor, akasema tu, "Njia inateleza."

Rasto hakuwepo. Walimsubiri, kisha wakashauriana wamtangulie majini. Njia ilikuwa nyembamba, imechongwa ubavuni mwa genge: kulia jiwe tupu linalotoka maji, kushoto mteremko uliofunikwa majani mazito mpaka huko chini ambako mto ulisikika bila kuonekana. Walikwenda mmoja nyuma ya mwingine. Ajambo alikuwa amepaota mahali hapa kama uwanja mpana wenye mbingu kubwa. Alikuta ukuta tena, na unyevu, na njia yenye upana wa mtu mmoja.

Njia iliishia kwenye maporomoko. Mbele maji yanapiga, nyuma walikotoka. Hapo simu ya Ilukor ikanasa mtandao, ikalia.

"Bwana asifiwe!" Sauti ya Rasto ilikwaruza. "Niko hapa getini kitambo sana, buda. Hawa maaskari wananicheki kama jangili. Mko wapi?"

"Sisi tuko kwa maji! Geti gani hiyo?"

"Geti ya mbuga ya Elgon, si ni moja? Hapa juu ya Kitale."

Ilukor alifunga macho. Mlima ni mmoja, na mpaka umeupasua utosini kama njia ya kitana kwenye nywele. Uganda ina mbuga yake huku, Kenya ina yake kule, na zote mbili jina lao Elgon. Mtu wa Kampala angeuliza ni ya upande upi. Mtu wa Nairobi vilevile. Lakini hawa walikuwa watu wa mpakani, waliozoea kuvuka kwenda kununua chumvi na kurudi maji hayajachemka, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufikiri kwamba kuna mlima usiovukika kwa bodaboda.

"Si nitembee tu juu kwa juu niwapate?" Rasto aliuliza.

Askari alikuwa amesikia. "Mwambie alale huko," alisema. "Huko juu kuna nyati, na nyati hawajui mchungaji."

Mtandao ukakatika. Ajambo alisimama na gauni lake jeupe, pindo limeshalowa tope, manyunyu yanamwingia shingoni. Alijaribu kuwaza kesho na hakuiona. Watarudi Busia, ataketi kati ya ukuta na magunia, na mama yake atasimama kumpisha na kuketi tena. Ilukor alipiga teke jiwe, likaruka majini lisisikike.

"Tutapanga siku ingine," alisema.

"Hakuna siku ingine."

"Nani amesema?"

"Mimi."

Walikuwa wameanza kurudi, Ilukor mbele, kisha Ajambo, askari nyuma, Ajambo aliposikia kikohozi. Angekijua kikohozi kile hata ndani ya ngoma. Kwenye kona ya jiwe akatokea Mama Shallon, gomesi, gauni lake refu la Jumapili, amelipandisha mpaka magotini, ndala mkononi, miguu mitupu matope tupu, anapumua kama mvukuto wa mhunzi. Nyuma yake alikuja Shallon, amebeba mkoba wa mama yao na askari mwingine akimfuata. Shallon alimwangalia mdogo wake na kutikisa kichwa kidogo, ishara ya mtu aliyebanwa mpaka akasema.

"Ajambo," Mama Shallon alisema. Hakupaza sauti. "Ulijaza maji yote. Mpaka ile jerikeni ya tundu umeziba na sabuni ukajaza. Uliona mimi mjinga? Mtoto anafanya hivyo siku gani, kama si siku ya kuaga?"

Kitu kilichomfungia nyumbani kilikuwa ndicho kilichomfuata hapa, na alikuwa amekichota kisimani kwa mikono yake.

"Na umevaa nyeupe. Sawa. Nyeupe inafuliwa." Ndipo alipomgeukia Ilukor, na cheko lile la sokoni likapanda usoni mwake. "Yoga, kijana ya maturubai. Askari, tazama vizuri, wewe ni shahidi yangu. Leta mkono."

Mkono wake ukanyooka.

Hakukuwa na nafasi ya kuukwepa. Hatua mbili zilikuwa kati yao, jiwe upande huu, mteremko upande ule. Ajambo alimwona Ilukor kwa nyuma, aliona bega la koti la kuazima likianza kuinuka, kwa mazoea, kama lilivyoinuka sokoni na kanisani na matangani. Alitaka kupiga kelele, lakini angesema nini ambacho hakukisema Malaba? Ile nafsi yake iliyokuwa ikingoja tangu zamani ikaacha kungoja.

Bega likasimama nusu njia. Ilukor alitazama ule mkono. Akageuza kichwa, akamtazama Ajambo, uso wake umewiva kwa hasira, au kwa haya, au kwa vyote viwili. Kisha akaacha njia.

Aliteremka kwenye majani kwa makalio, akishikilia mizizi, koti likapasuka kwapani kwa mlio uliosikika juu ya maji. Alipofika majani ya kifuani akachutama, akawapa mgongo, akavua koti na kujifunika kichwa chote. Kijana yule aliyesema hasukumwi pembeni alikuwa pembeni, amejikunyata kama kuku mvuani, na hakuna aliyemsukuma.

"Toka huko!" Mama Shallon alisema. "Nasema leta mkono!"

Koti halikusogea.

"Unafanya nini huko? Mimi si mama mkwe ya mtu! Toka!"

Mkono wake ulikuwa bado uko hewani. Ulikuwa umezoea kupokelewa. Ukashuka kidogo, ukapanda, vidole vikafunga na kufungua. Askari aliyekuwa nyuma ya Ajambo akachungulia bondeni na kuishika bunduki vizuri. "Huyu kijana ameona nyoka?"

"Ameona mama mkwe," Shallon akasema.

Hakuna aliyecheka. Mama Shallon alimtazama binti yake mkubwa, akatazama lile koti, na Ajambo aliona kitu kikimpita usoni, kitu cha zamani kuliko hasira yake, walichomfundisha mama yake na bibi yake kabla hajajua kusoma. Ule mkono ukapanda, taratibu, mpaka kichwani. Ukaishika leso aliyojitanda. Ukaivuta chini mpaka ikafunika macho, pua na mdomo. Kisha akageuka, akaelekeza uso wake kwenye jiwe.

Walikaa hivyo muda mrefu. Maji yalipiga. Magoti ya Mama Shallon yakamshinda, akaketi palepale njiani, akilitazama jiwe kwa karibu kama anayesoma.

"Ajambo."

"Mama."

"Mwambie huyo mtu kule chini ni upupu."

Ilukor alikuwa hatua chache tu na alisikia kila neno. Ajambo akageukia bondeni. "Mama anasema huko chini ni upupu."

"Mwambie nimeshajua," koti likajibu.

"Anasema ameshajua, Mama."

"Na Shallon?" Mama Shallon aliliuliza jiwe. Sauti yake ilikuwa imepungua, imekuwa ya mtu mdogo. "Na huyu wangu mkubwa amerukwa. Nani atajibu hiyo?"

"Niko hapa, Mama," Shallon alisema. "Nimebeba mkoba yako mlima nzima. Ningekuwa kwa mume leo, nani angeubeba?"

Mama yake akalipapasa jiwe kwa kiganja. Alisema, "Ataleta mbuzi. Mbuzi ya kuomba njia kwa mkubwa. Mwambie."

"Mbuzi sitaki," Shallon akadakia. "Mbuzi haikaushi nywele. Alete draya."

"Shallon, nyamaza."

"Nimenyamaza. Lakini alete draya."

Simu ikalia ndani ya koti. Wakasikia sauti ya Rasto ikiuliza kwa mbali kama arusi imesogezwa, na Ilukor akimnong'oneza kwamba hawezi kuongea, yuko mbele za wakwe.

Mvua ikaanza, ile nyembamba ya mlimani isiyo na haraka. Ndipo Ajambo alipoona jinsi walivyokaa. Mama yake hawezi kutangulia na mkwe akimfuata nyuma, akimwona anavyotambaa na magoti yake. Wala magoti yenyewe hayakuwa tayari. Ilukor hawezi kupanda njiani mama mkwe akiwa ameketi hapo. Askari wa nyuma hawezi kuwapita. Na yeye, gauni limemganda mwilini, alisimama katikati yao kwenye upana wa mtu mmoja, jiwe huku, upupu kule, na kila neno la upande mmoja lilipaswa kupitia kinywani mwake kufika upande wa pili. Aliona kwamba litapita hapo miaka yote.

"Ajambo," alisema mama yake, chini ya leso. "Mwambie mume wako asitoke mpaka nipumzike."

Ajambo akafuta maji usoni. Akainamia mteremko.

"Mume wangu," alisema, "Mama anasema usitoke."